Uchafu Nilioupaka kwa Mkono Wangu

Jumatano. Baridi ya Julai imekaza, jua halijatoka tangu asubuhi, na mimi nimekasirika. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitasema mambo ambayo mtu hamwambii mama mkwe.

Meli yangu imeoshwa.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiunda mfano wa meli ya kivita ya Kireno, ile iliyozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, karne nyingi zilizopita. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Ina milingoti mitatu, mizinga ya vijiti vya mishikaki, na kamba za uzi wa cherehani nilizopaka nta moja moja. Mchana namsaidia daktari wa meno hapa Kitengela, na vyombo vyake vilivyochakaa ndivyo ninavyochongea. Jumamosi naipeleka Nairobi, kwenye maonyesho ya watu wanaounda mifano kama hii. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukubaliwa.

Wiki sita za mwisho nilikuwa naichafua. Ndiyo, naichafua. Meli iliyokaa baharini miezi na miezi haiwezi kung'aa. Nilichanganya rangi nyeusi na kahawia kwa thina ya kuyeyushia rangi, nikapaka, nikafuta kwa kitambaa ili rangi ibaki kwenye maungio ya mbao tu. Nikaweka kutu chini ya nanga, ukijani pale maji yanapogusa, weupe wa chumvi ubavuni. Kazi hiyo ilinitoa jasho kuliko kuunda meli yenyewe. Ukizidisha tone moja, umeharibu.

Leo nimetoka kazini saa kumi na moja nikaikuta uani, kwenye karai, imelala ubavu katika povu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea Jumapili kutoka Rombo, Umaasaini, alikuwa ameshika waya wa kusugulia sufuria. Uso umejaa furaha.

"Mama Sian, hii kitu yako ilikuwa na uchafu mingi sana. Nimesugua mpaka imekubali."

Mlingoti wa mbele umevunjika. Nusu ya kamba zimekatika. Kutu yangu yote imeenda na maji.

Nikasema, "Asante, Yeyo," yaani mama kwa Kimaasai.

Najichukia kwa hiyo asante. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira, si huzuni. Meli ilikuwa inaniuma, lakini kulikuwa na jingine: kumbe siku tatu zote amekuwa akiitazama pale kwenye rafu na kumsikitikia mwanawe, ameoa mwanamke asiyejua kupangusa vumbi.

Halafu nikakumbuka kwamba mume wangu yuko nyumbani. Anapitisha mizigo ya watu forodhani, pale mpakani Namanga, na wiki hii yuko likizo. Nilimkuta kwenye kochi anatafuna mahindi ya kuchoma.

"Ulimwona akiiosha?"

"Nilimwona."

"Ukamwambia nini?"

"Aliuliza waya ya sufuria iko wapi, nikamwonyesha."

Akamwonyesha!

Huyu mtu amelalamikia harufu ya thina miaka mitatu. Juzi tu, tukiwa mezani, nilimweleza jinsi kutu inavyopakwa, naye akatikisa kichwa na kusema ni poa. Hakusahau. Hakuwahi kusikiliza. Nimekuwa nikizungumza na ukuta, tena ukuta unaoitikia.

Nikarudi uani, na nikashindwa kujizuia. Nikamwambia Yeyo kwamba ule haukuwa uchafu, ni rangi, niliipaka mwenyewe wiki sita, na Jumamosi watu wanakuja kuitazama. Nilitegemea acheke au akasirike. Badala yake akafuta mikono kwa shuka yake, akainama kuitazama meli kwa karibu.

"Aiya! Kumbe ni kama makaa ya kibuyu."

Kwao, kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni-mwitu mpaka kiwe cheusi. Weusi huo ndio unaotunza maziwa na kuyapa ladha. Mgeni akiuosha kwa sabuni, amemharibia mwenye nyumba kazi yake.

"Na Baba Sian alijua?" akauliza.

Nikasema alijua.

Mimi ni Mkamba, Kimaasai changu ni cha salamu tu, kwa hiyo sikuelewa aliyomwambia mwanawe alipoingia ndani. Ila yalikuwa mengi, na gunzi la mahindi liliwekwa chini kabla mama hajafika katikati ya maneno yake.

Yeyo nimemsamehe. Amekaa nami mezani sasa, ananishikia uzi nikifunga kamba upya. Sijui kama rangi nitakayoipaka upya itakauka kabla ya Jumamosi. Naipeleka hivyo hivyo, hata ikinuka thina.

Baba Sian amekuja mlangoni, ameuliza na yeye asaidie wapi.

Sikumjibu mimi. Mama yake ndiye aliyemwambia asiguse kitu.