Eti Kitenge cha Mama Kimevunja Mlango wa Kioo

Shangazi Kabatesi, mimi ni msomaji wako wa hapa Mbugangari, mpakani na Goma, naomba unisaidie kwa sababu nina hasira, na aliyenitia hasira hiyo ni mume wangu mwenyewe.

Mume wangu, nimwite Mudathiru, ni dereva wa gari la mizigo, mimi ni fundi cherehani, nina mimba ya miezi minane na ndiyo ya kwanza, kwa hiyo mama yangu alivuka kutoka Goma kuja kukaa nami hadi nijifungue na kunitunza siku zangu arobaini. Sasa Mudathiru alipeleka mizigo kwenye hoteli moja kando ya ziwa akaona huko mlango wa dushi wa kioo kitupu, hauna fremu, umeshikwa ukutani na bawaba mbili tu, akarudi nyumbani haongei kitu kingine, na fundi Protais, anayefunga vioo vya madirisha hapa kwetu, alipojitolea kuja kupima, mume wangu alimcheka, akasema, "Mi nafungua moteri nzima na nairudisha, nitashindwa na mulango?"

Akachukua futi yangu ya kushonea, akapima mara moja tu, usawa wa kifua, akavuka kwenda Goma kununua kioo kilichokwisha kutobolewa matundu ya bawaba, na muuzaji akamwambia hicho ni kioo "trempé". Tulipokisimamisha hakikuingia, maana ukuta wetu una tumbo huku chini, nikamwambia turudi kwa Protais, yeye akasema, "We, si ulisikia? Iko trempé, donc iliisha kulowa, tukikata na maji haina shida." Basi mimi na tumbo langu nikashika kioo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikamimina maji kwa jagi, yeye akasaga kona ya chini kwa mashine ya diski, kidogo tu, kama unene wa ukucha, na kioo hakikuvunjika, tukacheka wote wawili, akakifunga, na kwa kweli kilipendeza.

Lakini kinaonyesha kila kitu, Shangazi, na bafu letu linatazamana na ukumbi tunaopitia wote, kwa hiyo mama kila akioga alitundika kitenge chake juu ya mlango ajistiri, na Mudathiru alikuwa ananung'unika pembeni. Siku ya tano, Ijumaa, kaka yake mkubwa Sulaiman alikuja na mkewe baada ya swala kuutazama huo mlango, wakakaa saluni, yaani sebuleni, wakimsubiri mama amalize kuoga. Mama akamaliza, akashusha kitenge chake, akajifunga, akasukuma mlango, tukasikia kishindo ambacho sijawahi kusikia ndani ya nyumba, tukakimbia wote, tukamkuta mama amesimama miguu mitupu katikati ya chembe za kioo kama chumvi ya mawe, kichwa wazi, kitenge peke yake mwilini, mbele ya mkwe wake na mbele ya kaka wa mkwe wake. Na Mudathiru, badala ya kugeuza uso, akapaza sauti: "Mama, ni hii kitenge yako! Kila siku unatundika kitu ya maji ku mulango yangu, sasa ona!"

Sulaiman aliinamisha macho akarudi saluni. Mimi sikusema neno. Mimi niliyemimina maji.

Mama alifungasha alasiri ileile, na kile kitenge akakikunja akakiacha juu ya kitanda changu, akasema, "Muachie mwenye mulango, si amesema ndiyo ilivunja? Mi niko mutu muzima, siwezi kaa mu nyumba bananihesabia nguo." Leo ni wiki mbili. Mudathiru anasema mama anaweza kurudi siku yoyote, sharti aseme "nilikosea" mbele ya Sulaiman, na mama anasema atakuja kuniona hospitalini lakini kizingiti chetu hatavuka tena. Nani atanikanda, nani atanioshea mtoto, nimwombe mama aseme hilo neno moja tu ili nipate arobaini yangu, au nifanye nini, na je ni kweli kitenge kinaweza kuvunja kioo?

Kaltumu, Mbugangari

*

Kaltumu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Hebu rudia ulichoandika kwa mkono wako. Mama alishusha kitenge, akajifunga, ndipo akasukuma mlango. Kitenge kilikuwa mwilini mwake! Kilivunjaje mlango ambao wakati huo hakikuugusa, na siku zote kilipotundikwa mbona haukuvunjika? Umekaa na jibu wiki mbili unaniuliza mimi.

Sasa hilo neno. Nilimtafuta fundi wa vioo nikamsomea barua yako, akashika kichwa. Wafaransa wana neno moja kwa mambo mawili. Nguo iliyolowa ni trempé. Kioo nacho kikichomwa kwenye tanuri, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo ili kiwe kigumu, huitwa trempé vilevile, na hapo hakuna habari ya kulowa. Kioo cha namna hiyo kikishatoka tanurini hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi, hata ukikimwagia ziwa Kivu lote. Ukikijeruhi ukingo kinaweza kupasuka palepale, au kikanyamaza siku kadhaa kikingoja mtu wa kukisukuma. Kilimngoja mama yako. Shukuru kwamba humwagika chembe chembe, kingekuwa kioo cha kawaida tungekuwa tunaongea msiba.

Mudathiru, najua utasoma hapa, maana wake zenu huwa wanawaachia gazeti mezani. Ulikipima kioo kama suti! Futi ya cherehani inavutika, na kitambaa kikizidi mkeo anakipunguza, lakini mlango wa kioo haupunguzwi. Ukuta hupimwa juu, katikati na chini, kwa nivo, kile kifaa cha kuonyesha kama ukuta umenyooka, na kioo huagizwa kwa kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, na upenyo wa kupumulia huachwa. Hilo ni kosa la kutojua, linasameheka. Ila kumpa mwanamke wa miezi minane ashike kioo kwa mkono mmoja juu ya karo, hivyo vigae vinavyoteleza, na diski inazunguka karibu na miguu yake? Aibu! Na mama mkwe ukimkuta katika hali ile, unageuza uso kwanza, unamwita binti yake, hesabu ya kioo inakuja kesho. Kaka yako alilijua hilo bila kufundishwa. Wewe ukaona mlango, mtu hukumwona.

Nawe Kaltumu usijifiche nyuma ya hilo tumbo. Ulikuwepo, ulimimina maji, ulicheka. Mzazi wako aliposhtakiwa, shahidi pekee ulikuwa wewe, ukameza ulimi. Nakuonea huruma, mimba ya kwanza inatisha na hakuna anayetaka kugombana na mumewe mbele ya shemeji. Lakini wiki mbili? Mficha maradhi, kilio humfichua. Na sasa unataka yule aliyevuliwa heshima ndiye aombe msamaha, ili wewe ukandwe vizuri. Hapana. Hilo neno mama yako hatalisema, wala usimtajie.

Fanya hivi. Mwite Sulaiman na mkewe tena, mchana, kwenye saluni ileile, maana fedheha iliyotendwa mbele ya watu haifutwi chumbani. Uanze wewe: "Kioo tulikisaga, Mudathiru na mimi, mama hakukosa." Usiongeze, usilie, nyamaza umwache mumeo naye aseme. Akishasema, kitenge kifuliwe, kipigwe pasi, na akibebe yeye, si wewe. Avuke mpaka na kaka yake, ampe mama kwa mikono miwili, aseme, "Mama, nilikosea." Neno hilo alikuwa analitafuta mdomoni mwa mtu mwingine, kumbe lilikuwa lake. Akikataa, Kaltumu, funga nguo zako na za mtoto, waeleze wanaokupima kliniki kwamba unavuka, nenda ukazalie kwa mama. Arobaini haina uraia. Mudathiru atakaa na bafu lake.

Huo mlango nao usiachwe hivyo. Chembe zilizobaki zizolewe kwa kitambaa chenye maji, na mwenye kuzoa avae viatu, maana zinajificha kwenye pembe na mtoto anakuja kutambaa hapo. Kwa sasa tundikeni pazia la plastiki, watu wanaoga vizuri tu. Mkiwa tayari mwiteni Protais, apime mwenyewe, kioo kikatwe na kutobolewa kabla ya kwenda tanurini, na kiwe cha ukungu, kisichoonyesha mtu. Skrubu ziingie kwenye ukuta mgumu, zisiishie kwenye karo, na wakati wa kufunga kioo kisimame juu ya ubao, kishikwe na wanaume wawili wenye glavu. Mudathiru ashike upande mmoja na afunge mdomo.

Halafu ukutani, pembeni mwa huo mlango, panatakiwa ndoano moja, ya kitenge cha mama. Tundu la hiyo ndoano, Mudathiru anaweza kulitoboa mwenyewe.