Karatasi Niliyomwandikia Poni

Jumatatu, 4 Februari 2008
Nimechapa barua kumi na moja kabla ya chai. Wakubwa wa shirika letu hapa mtaa wa Amarat hawajui koma, mimi ndiye nawawekea. Mchana nikajaza fomu ya chuo cha sheria. Swali la tisa: umewahi kuadhibiwa kwa udanganyifu wa mtihani? Nikaliacha wazi. Nikanunua chapati kwa mama wa Kiganda, nikaifunga kwenye gazeti nikarudi kazini.

Jumatano, 6 Februari
Fomu inataka barua ya mtu mwenye cheo. Kwetu mwenye cheo ni mmoja: Poni, binamu yangu, mkurugenzi wizarani. Nikamfuata ofisini. Akasoma fomu, akafika swali la tisa, akacheka.
"Andika hapana. Nani atatoka hapa aende Kenya kuuliza?"
Barua atanipa nikiandika hapana. Namchukia.

Ijumaa, 8 Februari
Niandike ilivyokuwa, angalau hapa. Kenya, tulipokuwa wakimbizi, kidato cha nne, mtihani wa mwisho. Nilimwandikia Poni majibu ya hesabu kwenye karatasi, mwandiko wangu. Msimamizi alipokaribia, Poni akaidondosha chini ya dawati langu. Nikanyamaza. Matokeo yangu yakafutwa, shule ikanifukuza. Yeye akapata cheti. Mimi nilirudia mtihani baada ya miaka mitatu ya kufua nguo za watu.
Kosa nililifanya. Lakini tulikuwa wawili.
Nimeandika NDIYO. Barua nimeomba kwa pasta. Wataamua wenyewe kama pasta ana cheo.

Alhamisi, 14 Februari
Mahojiano chuoni. Watu watatu. Wakili mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Hiyo karatasi ulimwandikia nani?"
Nikamtaja. Sikuwa nimepanga. Jina likatoka lenyewe, na wizara yake.
Mzee wa pembeni akaweka kalamu chini. "Malesh, pole binti yangu. Hilo tusiliandike."
Jina langu walikuwa wameshaliandika.

Ijumaa, 22 Februari
Orodha imebandikwa. Simo. Nimeisoma mara tatu kama mjinga. Karani akasema faili yangu imewekwa kando, nijaribu mwakani. Halafu, kwa sauti ya chini: ningeandika hapana, ningekuwa ndani.
Jioni nikamkuta Poni nyumbani kwetu, mtaa wa Buluk; habari za mahojiano zimeshamfikia. Keshamweleza Mama kwamba nimemchafulia jina. Alichoacha kusema ni kwamba karatasi ile niliiandika kwa ajili yake. Miaka yote hii Mama hajui.
Mama akanigeukia. "Huyu ndiye anatulisha, Kiden. Unataka tule sheria?"
Nikamwambia. Yote, mpaka dawati. Poni alikuwa anatazama simu yake. Hakukana. Akachukua mkoba, akatoka bila kuaga.
Mama akaingia jikoni. Nilidhani ukweli ungenipa raha. Hakuna. Ni uchungu tu, na kichwa kinaniuma.

Jumapili, 24 Februari
Sikwenda kanisani. Mama alirudi, akavua viatu, akaketi nami kumenya karanga. Kisha, bila kuniangalia:
"Siku ile walipokufukuza, ulirudi na nani?"
"Peke yangu. Kwa miguu. Poni alibaki kumaliza mtihani."
Akasogeza ungo wake wa karanga ukawa katikati yetu. Tukaendelea kumenya.