Doti za Harusi Zimenitia Mimba

Bi Asya, mshauri wetu, salamu nyingi, nisaidie kabla sijaachika.

Mie ni mke wa mtu hapa Tumbe, mume wangu Haitham yuko Maskati kikazi na huu mwaka wa pili hajatia mguu nyumbani, kila nikimuuliza anasema likizo hana na tiketi ghali, mie nikasubiri, sina neno. Sasa wifi yangu Saada akawa anaolewa Dar es Salaam, na mama mkwe wangu Bi Mwanabaraka magoti hayamruhusu safari, akanikabidhi mie nimpelekee bibi harusi doti zake za kanga, rundo zima, na begi langu lilishajaa halua na vitu vya watu, na vile videge vya kuvukia Dar mzigo ukizidi unalipia. Mama mkwe akanambia nguo ukiivaa si mzigo, akanisimamisha chumbani akanizungushia zile kanga kiunoni moja juu ya moja, akazikaza kwa mkaja wake mwenyewe aliojifungia tumbo alipomzaa Haitham, nikavaa baibui juu, nikatoka.

Uwanja wa ndege, yule kijana wa mzani kuniona tu akaniletea kiti. Akaniuliza, "Dada, miezi mingapi?" Wallahi nilitaka kusema ni kanga, lakini begi liko juu ya mzani, nikajisikia nasema sita. Nyuma yangu kumbe yuko Ngwali, rafiki wa mume wangu tangu utotoni, mtu mwema hana ubaya, akanipisha mbele, akanibebea mkoba mpaka mlangoni mwa ndege, na kabla hatujaruka akampelekea Haitham ujumbe wa hongera.

Nashuka Dar, simu inalia. "Hiyo mimba ya nani?" Nikamwambia ni kanga, akasema nisimfanye mjinga. Nikazifungua kanga, nikampigia ya video nikamwonesha tumbo tupu, akasema hilo ni tumbo la mtu aliyekwisha kujifungua akafunga mkaja. Sasa nimerudi Tumbe, naye kashakata tiketi, anafika Ijumaa, anasema anakuja kuniacha mbele ya wazee. Mama mkwe nimemwomba aseme kweli, naye ni mwalimu wa darasa la wanawake na juzi tu kawasomesha habari za uaminifu, akanambia, "Mwanangu, unataka niaibike uzeeni?" akaendelea kuchagua mchele. Bi Asya, nifanye nini?

Mke wa mtu, Tumbe

JIBU

Wewe mwanamke, barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani miwani imeniharibikia. Nimesikia waliovaa makoti matatu kwenye jua, nimesikia waliojaza karanga kwenye soksi, ila kusafiri na mimba ya kanga ndio kwanza nakusikia wewe. Majina nimeyabadilisha, ingawa Tumbe nzima itakujua.

Pole, roho imeniuma kwa ajili yako. Lakini usimtupie mama mkwe kila kitu. Yeye kakufunga kanga. Hiyo miezi sita umeitamka kwa mdomo wako. Ungelipia ule mzigo, leo ungekuwa unapika zako kwa amani.

Usingoje Ijumaa. Leo hii ingia chumbani kwa mama mkwe na kanga zako mwenyewe, umwambie kwa adabu, "Mama, nifunge tena kama siku ile," na simu ya video iwe wazi, Haitham anatazama. Kanga anaweza kuzibishia, ila mkaja wa mamake ataujua. Bi Mwanabaraka akikataa, mwambie basi utajifunga mwenyewe uingie hivyo hivyo darasani, wanafunzi wake wakuulize. Atakubali. Kisha mweleze Ngwali ukweli, maana ulimi uliopeleka hongera ndio utakaosambaza habari ya kanga.

Na mumeo akishaelewa, asithubutu kurudisha tiketi. Miaka miwili likizo hana, nauli hana, kumbe vyote vilikuwepo. Aje Ijumaa kama alivyoahidi. Akikuta tumbo halina kitu, mwambie hapo wewe huna kosa, kazi iliyobaki ni yake.