Mabawa Mekundu juu ya Mpera

Butembo, Jumanne

Hatimaye picha ninayo! Mama mkwe amenicheka kwa majuma: yule ndege wangu wa msituni anayekuja kwenye mpera, kwake ni kunguru tu. Nami nilianza kuyashuku macho yangu, kwani akitulia huonekana mweusi.

Leo nilikuwa nimemlenga kwa simu mama mkwe alipotoka akipiga makofi, akihofia maharagwe aliyoyaanika uani.

"Toka, mwizi!"

Nilikasirika, lakini ndege aliruka, na mabawa yakafunguka mekundu kabisa. Nikabonyeza.

Picha ina ukungu. Huenda wajuzi wa ndege wakanibishia. Mama aliitazama muda mrefu.

"Kumbe haiko kunguru, mutoto yangu! Mapera ya kule juu tumuachie, hapana kuchuma."