Jibu la Neno Moja Nililolikalia Miezi Mitatu

Jumatano, wiki ya pili ya Mei. Upepo wa baridi tangu alfajiri. Jua lipo lakini halina kazi. Nimevaa sweta mbili. Moyoni hakuna cha kuripoti.

Nimerudi kutoka Mollo mchana huu, na naandika kabla sijaanza kujitengenezea maelezo mazuri.

Wanaosoma hapa wanajua kwamba nilizaliwa Mollo, nikaondoka nikiwa kijana kufuata kazi, nikakaa pwani miaka arobaini na mbili. Nilipostaafu nilirudi Sumbawanga, nikapanga vyumba viwili hapa Milanzi kwa muda, wakati najenga kwenye kiwanja alichoniachia baba kule Mollo. Huo muda sasa ni miaka tisa. Mwaka wa kwanza nilichomesha tofali. Tanuru bado liko kiwanjani kama wachomaji walivyoliacha, tofali zote ndani, limeota majani juu.

Mwezi wa pili mwaka huu, Leonsia, mjane wa mdogo wangu, alinipigia simu. Shamba lake limepakana na kiwanja changu na limechoka. Akauliza kama mwaka huu anaweza kupiga ntumba pale kwangu. Ntumba ni matuta yetu ya duara: nyasi mbichi zinafunikwa kwa udongo mvua ikiwa bado inanyesha, zinaoza ndani, juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unasambaza ule udongo na kupanda ulezi. Ardhi ikishakauka, umekosa.

Nilimwambia nitamjibu.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu watu wanaoahirisha mambo. Wataalamu wanasema si uvivu. Mtu haikimbii kazi, anakimbia hisia iliyo nyuma yake. Nakubali. Dawa wanazotoa ni kuikata kazi vipande vidogo, kujiwekea saa, kuanza na dakika tano. Jibu langu lilikuwa neno moja. Halikatiki, na dakika tano ni nyingi kwake.

Kila nilipochukua simu niliiona nyumba. Kibaraza kinachotazama mashariki, chumba cha vitabu. Kumwambia Leonsia "lima" ni kukiri kwamba nyumba hiyo haitajengwa, na kwamba nitafia kwenye vyumba vya kupanga, karibu kabisa na nilipozaliwa. Kumwambia "usilime" ni uongo, kana kwamba bado najenga. Kwa hiyo nilikuwa naiweka simu chini na kuchemsha chai.

Leo nimekwenda kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Sitaki kujipamba kuliko hapo.

Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akaendelea kupepeta. Nikamwambia nimeleta jibu.

"Bodaboda kutoka Milanzi haimalizi hata robo saa," akasema. "Jibu lako limekuja kwa miguu, shemeji, tena limelala njiani."

Akacheka. Nami nikacheka, maana utani wa shemeji haukataliwi. Kisha akachukua jembe, tukaenda kiwanjani, akapiga mara moja. Jembe liliruka. Nyasi zimekuwa njano, zinavunjikia mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakulima tu bila kuningoja.

"Pana tanuru lako pale. Mtu halimi juu ya nyumba ya mtu."

Aliiheshimu nyumba yangu kuliko mimi.

Kila wiki alisubiri wiki moja zaidi. Sasa maharage yake ya mwaka huu ni yale machache aliyopanda kandokando ya nyumba, na ulezi ujao utarudi kwenye shamba lilelile lililochoka. Hilo nimelifanya mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Nilitegemea kuona aibu. Nilichosikia ni baridi ya vidole.

Hili sikulisoma popote. Nilidhani kuahirisha ni jambo kati yangu na nafsi yangu, kumbe upande wa pili kuna mtu amesimama na jembe.

"Kilime, Leonsia," nikasema. "Si msimu mmoja tu. Sitajenga."

"Na tofali?"

"Chukua ujenge jiko. Lile lako linavuja."

Akanitazama. "Hilo ni jibu, au ni lile la nitakujibu?"

"Ni jibu."

"Basi uje ulibomoe tanuru mwenyewe, majirani waone. Wasije wakasema mjane anakwapua mali ya watu. Unakuja lini?"

"Wiki ijayo" ilikuwa tayari mdomoni, laini, imezoea njia. Niliimeza. Nikasema kesho, saa mbili asubuhi.

"Tutaona," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Sijisikii nimepona wala nimepungukiwa. Nyumba imetoka kichwani na hakuna kilichoingia mahali pake. Miaka yote nilingoja niwe na moyo wa kuanza, kana kwamba moyo ndio unaotangulia na miguu kufuata. Inawezekana kwa watu wengine. Kwangu haujawahi kufika.

Nimeshaongea na mwenye bodaboda. Atakuja kunichukua kesho saa moja na nusu, niwe na moyo au nisiwe nao.