Barua ya Tabia Njema ya Kassimu

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Nepi kumi na moja ziko kwenye kamba, hata moja haijakauka. Abuu anaota jino na ameninyonya mpaka nimebaki ganda. Leo sina hamu ya kuona mtu. Hasira ninayo, na hasira huniamsha kuliko chai.

Leo nimeombwa niandike kwamba Kassimu ni mtu mpole.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma hapa mwakani nikadhani niliota. Mama mkwe wangu ndiye balozi wa nyumba zetu kumi hapa Nguvumali. Mtu akitaka barua ya kumtambulisha popote, anaanzia kwake. Mama ana muhuri, ana heshima, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kalamu ninayo mie. Darasa la saba langu limeishia hapo: naandika, namsomea kwa sauti, yeye anagonga muhuri.

Maneno ni yale yale kwa miaka minne tangu niolewe. "Namtambulisha kwako fulani. Ni mkazi wangu, mwenye tabia njema, hajawahi kuleta rabsha." Nimewaandikia watu wa kufungua akaunti, watu wa kuchukua maiti hospitali, watu wa kusafirisha magunia ya nazi. Nilimwandikia hata yule kijana aliyekuja kukutwa na baiskeli tatu za watu uvunguni. Tabia njema, nikasema. Hatuulizi. Kumnyima mtu barua ni kumtukana, na siye tunaishi ukuta kwa ukuta.

Sasa Kassimu anataka bastola.

Kassimu zamani alikuwa karani wa duka la ushirika. Kazi yake ilikuwa kuwaambia mama zetu sukari imekwisha, nao wanaiona pale nyuma yake. Tangu biashara ziachiwe huru amekuwa mtu wa kuleta mali toka Dubai. Ana duka la redio na feni kule Ngamiani, ana saa ya dhahabu isiyo dhahabu, na ana maadui. Maadui hao hakuna aliyewaona, lakini tajiri wa juzi asipokuwa na adui hajioni tajiri. Anasema majambazi wanavuka mpaka na bunduki za vitani. Inawezekana, sikatai. Ila huyu bwana amenunua mkoba wa bastola kabla ya ruhusa ya bastola. Wa ngozi, mweusi, anauvaa kiunoni ukiwa hauna kitu. Juzi nilimwona akitoa miwani humo.

Jitu zima.

Ijumaa tulipokuwa tunakula wali, Ami Bakari, mdogo wake marehemu baba mkwe, alitueleza mambo ya nchi alizopita. Alikuwa baharia miaka mingi, na akianza kuzungumza hanyamazi mpaka ukoko uishe. Akasema Uingereza askari wa kawaida anazunguka mtaani na kirungu, na watu wanamsikiliza. Marekani bunduki inauzwa dukani, na ukiwaambia waache wanakwambia ni haki yao, imeandikwa, halafu kila siku wanazika watu na kushangaa. Somalia kabla hajaacha kazi alizikuta zimetandazwa sokoni kama mbaazi. Japani, akasema, mtu akitaka bunduki ya kuwindia anafanya mtihani, anapimwa akili, na polisi wanakwenda kuwauliza majirani mtu huyu yukoje.

Mie pale nikaacha kula. Kumbe hata siye tunauliza majirani. Tofauti ni kwamba kule jirani anajibu.

Huku, nijuavyo, barua ya balozi inakwenda kata. Kata wanaandika "kwa mujibu wa barua ya balozi". Inapanda wilayani, nao wanaandika "kwa mujibu wa barua ya kata". Mabwana wakubwa na meza zao na feni zao, wote wameegemea mstari mmoja niliouandika mie huku nimepakata mtoto. Na mstari wenyewe nimeunakili tu. Halafu tunawacheka Wamarekani.

Leo asubuhi alikuja Mwanaidi, mke wa Kassimu. Kaleta sahani ya vitumbua, na mtu haleti vitumbua siku ya Jumanne bure. Mwanaidi ni shoga yangu. Najua kwa nini anavaa mikono mirefu kwenye joto hili, naye anajua kuwa najua. Hatujawahi kulitaja.

Akasema barua iandikwe vizuri, tena upesi, mumewe atapita kuichukua baada ya alasiri.

"Andika tu, shoga," akaniambia. "Akiikosa atasema ni mie nimepeleka maneno."

"Na akiipata?"

Alimchukua Abuu, akamwegemeza begani, akawa anampigapiga mgongoni, na mtoto hata hakuwa analia.

Alipoondoka nikakaa na karatasi. Nikiri hapa, kwa kuwa hapa sidanganyi: nilianza kuandika tabia njema. Mkono ulikuwa umeshafika "mwenye". Nilikuwa nimechoka, nilitaka limalizike nikaanue nepi. Nadhani hivyo ndivyo bunduki zinavyotolewa dunia nzima. Kuna mtu kachoka, ana karatasi mbele yake, na kusema ndiyo ni kwepesi.

Nikaichana.

Kuandika ya chumbani kwao nisingeweza. Ningekuwa nimemchoma Mwanaidi kwa mkono wangu. Lakini Kassimu, kwa ujinga wake, ana ya barabarani pia. Mwezi wa Ramadhani uliopita mbuzi wa Mzee Mdoe alikula fulana ya Kassimu iliyokuwa imeanikwa, yenye maandishi kifuani. Kassimu akatoka na panga. Alimkata mbuzi mguu, na hilo halikumtosha, akamgeukia Mzee Mdoe mwenyewe, mzee wa miaka sabini, akamkimbiza kwa panga mpaka mlango wa msikiti. Kwa fulana. Mtaa mzima tuliona, na mtaa mzima tulisema ni saumu, mwacheni.

Basi hiyo ndiyo niliyoandika. Siku, mahali, panga, mbuzi, mzee. Nikamalizia: "Kwa hiyo siwezi kumthibitisha kwa silaha."

Nikamsomea Mama. Alikuwa anasugua muhuri kwa kidole gumba. Nikadhani ataniambia niandike nyingine, maana hajawahi kumnyima mtu barua katika maisha yake.

"Rudia pale pa mbuzi," akasema.

Nikarudia. Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka, akagonga muhuri kwa nguvu, meza ikatikisika. Akaniambia Kassimu akija nisiseme neno, hilo ni lake.

Alikuja na manukato yake. Shikamoo Mama, hujambo Mama, za hapa Mama. Mie akanipita kama kigoda. Akaisoma barua akiwa amesimama, midomo inamchezacheza, na nikaona pale alipofika kwenye mbuzi.

"Mama, haya kaandika mke wa mwanao."

"Mkono wake. Maneno yangu."

"Nani kawaleteeni habari zangu?"

"Nani aniletee, Kassimu? Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Macho yangu mabovu, panga nililiona." Akavuta ushungi. "Nikupe tabia njema, halafu nikamwambie nini Mzee Mdoe?"

Mwanamume yule, mwenye maadui wengi hivyo, akarudi hatua nyuma mbele ya mwanamke mmoja kwenye mkeka. Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema hii nchi haiendelei kwa sababu ya watu wasiosoma. Akaondoka kuelekea barabarani, sio kwake.

Nilimpenda mama mkwe wangu leo kuliko siku niliyoletwa nyumba hii.

Nikambeba Abuu nikaenda kwa Mwanaidi kwa kisingizio cha kurudisha sahani. Nikamweleza neno kwa neno, ajue jina lake halikutajwa na kwamba Mama mwenyewe kabeba lawama. Alisikiliza huku anapepeta mchele. Nikamwambia mlango wetu haufungwi kwa ajili yake, saa yoyote, na watoto wake. Nilitaka aseme nimefanya vizuri. Alisema, "Duka liko Ngamiani."

Sikumwelewa hadi nilipofika nyumbani.

Nyumba ya Kassimu ina balozi mmoja, mama mkwe wangu. Duka lake lina balozi mwingine. Huyo hamjui Mzee Mdoe wala mbuzi wake, anamjua mfanyabiashara nadhifu mwenye manukato. Atamgongea muhuri bila kukohoa, na karatasi itaanza safari yake ya kata na wilaya, kila mtu akimwegemea mwenzake.

Nimechoka. Nguo zinanuka maziwa, na Rehema, mkubwa wangu, ananiuliza tangu saa ile tunakula nini. Hasira haijaisha, ila imepata mahali pa kwenda.

Kesho naamka mapema, namfunga Abuu mgongoni, nakwenda Ngamiani kabla Kassimu hajafungua duka. Yule balozi wa kule simhitaji sana. Nataka kujua kwanza nani anamwandikia barua zake.