Rimoti Isiyotazama

Azzan mjukuu wangu,

Salamu zikufike huko Maskati. Anayeniandikia ni jirani Nasima, na nshamwambia asilainishe neno langu hata moja.

Njoo uchukue rimoti yako! Ulisema kitufe kimoja kinawasha na kuzima televisheni, deki na spika kwa pamoja. Umeme ukikatika hapa Malindi ukarudi, kila kimoja kina lake. Siku ya hitma ya mamaako, wanawake washashika juzuu, nikabonyeza kuzima televisheni. Ikazima kweli, lakini spika zikawaka: nyimbo za harusi! Bi Ghaliya akanigeukia, "Kidawa shoga, unamwozesha nani leo?"

Nikamwita fundi Khalil wa Mlandege. Akanambia, "Bibi, hii rimoti haioni kitu. Inatuma amri tu, halafu inadhani imetiiwa."

Basi sasa sibonyezi mpaka nende nyuma ya televisheni, niiguse mgongo. Ikiwa na joto, najua imewaka.

Wewe hukuja kumzika mamaako, ukatuma masanduku ya vyombo hivi. Hukuja kwenye hitma, ukatuma salamu. Sasa unampigia simu Majid, muuza duka wa mtaani, "Bibi hajambo?" Naye anakujibu sijambo, na wiki nzima hajanitia machoni.

Yule alikuwa mwanangu, Azzan. Sili, silali.

Vyombo ninavyo, baba, vimenitosha. Njoo wewe, uniguse mgongo ungali na joto.

Bibi yako, mwenye hasira nawe na mwenye kukuombea,
Kidawa binti Shamsi